Jina Lililotaka Midomo

Adhuhuri, katika duka la vifungo na nyuzi, watu wamebanana kaunta nzima, mikono ya watu wawili ilishika futi moja ya utepe ya kupimia, na ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Kaka, mimi fundi cherehani. Wewe unapima nini?" mwanamke alisema akicheka.

"Mbao, dada. Ila kwa kicheko hicho, chukua. Nipe namba tu."

Toka siku hiyo seremala akawa "Futi" na fundi akawa "Kicheko". Miezi minane simu haikupoa.

Kisha Kicheko akaugua tumbo. Likapona, lakini wiki mbili baadaye aliamka uso mzito, chai ikimchuruzika kidevuni. Kwenye kioo hapakuwa na upande uliopinda, maana pande zote mbili zilikuwa zimelala. Macho hayafumbi. Miguu nayo ikaanza kulegea.

"Kinga ya mwili imegeuka kushambulia mishipa yako ya fahamu," daktari alimwambia wodini. "Wengi huanzia miguuni. Wewe imeanzia usoni. Utapona, ila polepole."

Alichoka hadi akachoka kuchoka. Futi alikuwa mji mwingine akifunga milango mipya ya shule, naye Kicheko akamficha ugonjwa. Nani anataka Kicheko asiyecheka? Kwenye simu alikwepa kila neno linalotaka midomo.

"Hata jina langu hulitaji siku hizi," alisema Futi. "Niite basi."

Ingetoka "huti", naye angejua.

"Nitakuita kesho."

"Kila siku kesho! Kama umenichoka sema, nisiendelee kujipendekeza." Akakata.

Kicheko alilia bila uso kukunjika. Mama yake akaichukua simu, akapiga. "Wewe Futi, njoo wodini. Hajakuchoka. Amechoka."

Alifika jioni ile ile, vumbi la mbao kwenye shati lake la drafti. Akamtazama. Uso haukumjibu.

"Umenikasirikia?"

Alitikisa kichwa. "Sicheki tena. Hata ukinichekesha."

"Nani kakwambia nimefuata kicheko?" Akatoa futi yake kuukuu, akaizungusha kwenye kidole cha pete cha Kicheko. "Nipime, au nirudi kwenye milango yangu?"

Angeweza kusema ndiyo, likaisha. Badala yake aliinua mkono wa pili, mzito, akausukuma mdomo wa chini kwa kidole mpaka ukagusa meno ya juu.

"Futi," alisema, safi kabisa. "Haya."

Seremala alikisoma kipimo mara tatu, na mara zote tatu akakosea.