Viza ya Marehemu

"Nereah!"

"Naam."

"Umechelewa. Huko airport ukifikiria jina lako, tumeisha!"

Benard alikuwa akimzoesha Phanice jina geni. Nereah, mke wa Benard, alifariki viza yake ya Amerika ikiwa tayari. Benard aliishi huko; aliporudi kumzika, akaona isipotee bure. Phanice alifanana na marehemu, basi angesafiri kwa jina lake, awe mke wa karatasi tu. Wakifika waachane, naye Phanice amvute huko mpenzi wake Wepukhulu, fundi wa masanduku mtaani Gatwekera. Mapenzi haya, jamani! Hata sweta ya marehemu aliivaa.

Jioni hiyo, chumbani kwa Benard Kawangware, sauti ya mwanamke ikaita nje.

"Nereah!"

"Naam!" Phanice akaitikia upesi.

Benard akaganda, kikombe mkononi.

"Umemwitikia nani?"

"Si ni jirani?"

Phanice akafungua mlango. Ploti nzima, mlango hadi mlango, haikuwa na mtu. Kwao Bungoma hata mtoto anajua: ukiitwa na usiyemwona, huitikii, huenda ni mfu.

Kesho yake Wepukhulu alimwona Phanice njiani, mtaani Makina.

"Phanice! Phanice!"

Phanice akapita tu. Wepukhulu akamkimbilia, akamshika bega.

"Kwani siku hizi unaniringia?"

"Haki ya Mungu, sijakusikia." Machozi yakamtoka. "Naogopa, Wepu. Hilo jina la marehemu limenishika."

"Wachana na Amerika basi. Mimi nakutaka wewe."

Wakaenda pamoja Kawangware. Wepukhulu akangoja kwenye geti, Phanice akaingia.

"Benard, niambie ukweli. Tukifika, utaniacha?"

"Nereah, mke anaachwa hivi hivi?"

"Mimi si Nereah!"

"Lakini alikuita mwenyewe, na uliitika." Benard alitabasamu huku akilia. "Amekuachia mahali pake."

Alikuwa hatafuti mtu wa viza. Alimtaka mkewe, na alishampata.

Phanice akaivua sweta, akaitupa kitini, akatoka mbio hadi getini. Nyuma yake Benard akaita, na sauti ya mwanamke ikaita pamoja naye:

"Nereah!"

Mdomo wa Phanice ukafunguka wenyewe. Wepukhulu akauziba kwa kiganja.

"Nanyama," akamnong'oneza jina la nyumbani ambalo Phanice alirithi kwa nyanya yake. "Nanyama wangu, twende."

"Hilo nalisikia. Niite tena."

Akamwita njia nzima, mpaka Gatwekera.