Herufi Tano

Bogna alikutana na Witold chini ya meza. Ilikuwa Jumapili, katika gulio la kompyuta la mji wa Łódź, ndani ya ukumbi wa shule uliojaa makoti yaliyolowa na moshi wa sigara. Wauzaji wawili walikuwa wamekunjana mashati kwa sababu ya sanduku la disketi. Ngumi iliyomkosa mwenyewe ikampata Witold, naye akaanguka chini ya meza alikojificha Bogna, juu ya buti zake.

"Unavuja damu kwenye buti zangu," Bogna alimwambia.

"Samahani, bibi. Nyekundu inazipendeza."

Bogna alivaa koti jekundu lenye kola ya manyoya, na kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Witold, mrefu, sweta limetoboka kiwiko, alichora kwa kompyuta ya nyumbani pete zinazozunguka na majina yanayoruka. Kabla damu haijakauka walikuwa wameshakubaliana kufanya kazi pamoja. Kufikia Pasaka walikuwa wakibusiana huku mikanda ikijirudisha nyuma.

Kazi ilitaka subira. Deki moja ya video ilicheza harusi, kompyuta ikatandaza maandishi juu ya picha, deki ya pili ikanasa. Hiyo ya pili ilichukua sekunde tatu kuamka, kwa hiyo Witold alijaribu kwanza kwenye mkanda wa majaribio, kisha akarekodi mkanda mama, ule wa mteja.

Harusi ya Ilona Grzelak, dada wa wachinja nyama wawili, ndiyo iliyowaponza. Bogna alipofungasha, alichanganya makasha, na mkanda wa majaribio ukaenda kwa mteja. Mbele ya wageni arobaini, bibi harusi akamwona mumewe akitamka kiapo mara tisa mfululizo, na kila mara herufi za dhahabu zikitua kifuani pake: BOGNA, MKE WANGU.

Shemeji zake walimvunja bwana harusi pua kabla supu haijapoa. Kisha wakaja kwa Witold, Bogna akiwepo, wakaupiga mlango teke ukang'oka.

"Tangu lini huyu mpiga video anatembea na shemeji yetu?" aliuliza mkubwa, amemkaba Witold koo.

"Hatembei naye. Ni mimi niliyeandika."

"Kwa nini?"

Witold alimtazama Bogna, akayaepuka macho yake. "Ilona herufi tano, Bogna herufi tano. Nilikuwa napima nafasi. Ni majaribio tu, hayana maana yoyote."

Mdogo akainua kompyuta, akaibamiza ukutani. Bogna akamchapa mgongoni kwa stendi ya kamera hadi mguu mmoja wa stendi ukapinda. Akasukumwa, akaangukia kabati la vyombo. Mkubwa aliulaza mkono wa Witold mezani, akaushukia kwa televisheni. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu.

Hospitalini Bogna alisubiri hadi bandeji ngumu ikauke. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Hayana maana yoyote," alisema.

"Bogna, alikuwa amenikaba…"

"Koo alikukaba. Macho nani alikukaba?"

Akaondoka. Wiki mbili simu ililia kwake, naye akawa anainua na kukata.

Aliyemfikia ni bwana harusi, pua imefungwa plasta, mkanda mkononi. Mkewe alikuwa amemsamehe, alieleza, lakini hataki kuuona tena mkanda ule. Aliomba ule wa kweli. Bogna alimpa. Kisha akakaa sakafuni, akauweka wa majaribio kwenye deki.

Mara ya kwanza herufi zilikuja zimepinda. Ya tatu zilichelewa. Ya sita zilikuwa na kivuli laini, ya saba zilimeremeta. Ya tisa neno la mwisho lilitua pale pale bwana harusi aliposema "nakuchukua".

Bogna hakutafuta hata mwavuli; alitoka mbio kwenye mvua.

Witold alifungua mlango, ambao sasa ulishikiliwa na waya.

"Kupima nafasi unahitaji mara moja," Bogna alisema, mvua ikimtiririka. "Wewe umerudia tisa."

"Ya nane ilichelewa."

"Makasha niliyachanganya mimi, Witold."

"Najua. Niligundua wakati mkono wangu uko mezani."

"Ukanyamaza?"

"Mkono ungekuwa wako."

Bogna alimshika kola kwa mikono miwili, kwa nguvu kama anayetaka ugomvi. "Sina mkanda, sina kamera. Maneno yale yaseme kwa mdomo."

Akayasema. Sauti ilimkatika katikati, na hakuna aliyeomba arudie.