Sauti Moja Imerushwa

Annelyn alikuja wakati wa magharibi kuomba picha za mama yao. Picha tu, alisema.

Rolenas alikuwa uani akifukua laplapu ya mihogo iliyookwa kwenye mawe ya moto, mikono imejaa majani ya ndizi na mvuke. Huko Port Vila, mtaa wao wa watu waliotoka kisiwa cha Ambrym ulikuwa ndio kwanza unawasha taa. Alimwelekeza mdogo wake kwa kidevu.

"Simu iko mezani. Fungua ile programu ya kurushiana mafaili, haili bando. Ila simu yako isitoke uani, programu hiyo haifiki hata kwa jirani."

"Najua, dada. Mimi si bibi yako."

"Picha tu, Annelyn."

"Kwani una nini kingine humo? Wewe hata wimbo mpya huna."

Alikuwa nao mmoja, wa zamani.

Baba yao, mzee Bongnaim, aliuimba kwenye simu ile wiki moja kabla ya kufa. Dakika tatu na sekunde arobaini. Yeye mwenyewe aliupata kwa mjomba wake kwa kutoa nguruwe mwenye meno yaliyojipinda hadi kukutana, maana kwao Ambrym wimbo una mwenyewe, na anayetaka kuunakili hutoa nguruwe kwanza. Akamwachia Rolenas, aliyeahidi kutomnakilia mtu asiyetoa nguruwe. "Asiyetoa nguruwe," alisema, "atatoa kingine." Rolenas, mwalimu wa sayansi, hayo ya kingine aliyapuuza. Ahadi hakuipuuza. Mzee akazikwa kijijini, ng'ambo ya bahari, na simu yake ya vibonyezo mfukoni, ile isiyojua hata kupiga picha.

Alipoingia na laplapu, Annelyn alikuwa ameshafika mlangoni.

"Huli?"

"Seti ananisubiri. Bendi inarekodi leo."

Annelyn, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuipita laplapu yenye tui.

Rolenas akanawa mikono. Akachukua simu. Ilikuwa imelazwa kifudifudi.

Programu ile haina adabu ya kuficha mambo. Iliorodhesha kila kilichorushwa: Picha kumi na nne. Sauti moja.

Akaubonyeza wimbo.

Kimya.

Kimya...

Halafu mtu akakohoa. Kikohozi kile alikijua. Alikisikiliza miezi minne nyuma ya pazia, baba alipokuwa anaugua.

Akampigia Annelyn. Nyuma ya sauti yake magita yalikuwa yanatafutana.

"Umeuchukua."

"Nimenakili. Wako si bado upo hapo?"

"Kunakili ndiko kuiba, Annelyn. Unajua kwetu."

"Ni baba yangu pia." Sauti ilishuka, ikawa ya chini kabisa. "Nani alimwogesha? Nani alimbeba kwenda msalani? Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari. Halafu wimbo ukaachiwa wewe."

Jambo hilo lilimuuma Rolenas zaidi ya wizi wenyewe.

"Mwambie Seti asiuimbe."

"Keshaanza. Dada, mbona..."

"Mbona nini?"

Pumzi tu. Kisha sauti ya Seti: "Shemeji, umemwambia nini mke wangu? Anafungua mdomo, hakitoki kitu."

Uani, jani la ndizi likakanyagwa.

Harufu ikaingia. Haikuwa ya laplapu. Ilikuwa ya majivu ya volkano yaliyonyeshewa, harufu ya kijijini kwao, harufu ya kaburi lililochimbwa kwenye udongo mweusi.

Akaitazama simu. Wimbo haukuwepo. Mahali pake palikuwa na faili jipya, dakika tatu na sekunde arobaini. Jina lake: Annelyn.

Chini yake maandishi yakajitokeza.

*BONGNAIM anaomba faili moja. Ruhusu. Kataa. Usipojibu, litatumwa baada ya sekunde kumi.*

Haifiki hata kwa jirani.

Jani la pili likakanyagwa, karibu zaidi.

"Baba," alinong'ona. "Ni Annelyn huyu."

Kikohozi, nyuma ya mlango.

Tisa. Nane.

"Shemeji, upo?" Seti alikuwa anaita. "Analia bila sauti, shemeji."

Rolenas alijua pa kubonyeza. Mtoto mdogo angejua. Lakini akilini aliiona simu ile ilivyokuwa imelazwa kifudifudi. Alisikia: una nini kingine humo? Mdogo wake, mezani kwake, kwa programu aliyomwonyesha yeye mwenyewe. Kidole kikakaa juu ya kioo. Hakikushuka.

Tatu. Mbili.

Moja.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea.

Ndipo akabonyeza Kataa. Akabonyeza tena, na tena, mpaka mstari ukasimama. Asilimia nane zilikuwa zimekwenda.

Harufu ikaondoka. Uani hapakuwa na mtu, ila jani moja la ndizi lililokanyagwa lilikuwa na majivu.

Asubuhi Annelyn alikuwa anaongea. Daktari alisema koo lilivimba, akampa vidonge. Fundi simu alisema programu ile ina kirusi, akaifuta. Wimbo haukupatikana, kwa Rolenas wala kwa Seti, na Rolenas hakubishana na daktari wala fundi.

Siku hizi Annelyn anaongea kama zamani, anatania, anabishana na muuza samaki. Ila akitaka kumwita Rolenas, mdomo unafunguka, ulimi unagusa meno, na neno halitoki. Humshika mkono badala yake.

Anadhani ni adhabu ya kuuiba wimbo. Huomba msamaha kwa macho.

Rolenas humwacha adhani hivyo. Bado hajamwambia kuhusu zile sekunde kumi.