Biira Ni Wengi, Simu Ilikuwa Moja

Mimi ni bibi wa Muhokya, hapa Kasese, Uganda. Umri wangu umepita miaka sabini, na darasani sikuingia hata siku moja. Mjukuu wangu ananiandikia, nami nimemwamuru asilainishe neno lolote.

Kwetu kila binti wa pili huitwa Biira, na mjukuu wangu mmoja ndiye Biira. Aliolewa Bwera na muuza vitenge aliyeuza pia kwenye mtandao. Mwanamume yule alimpiga kwa ngumi, kwa mkanda, kwa mguu wa kiti... Mwishowe alimpasua jicho. Tangu hapo Biira alilazimika kuzikuza sana herufi za simu ndipo azisome.

Akanikimbilia. Alitupa laini ya zamani, akanunua nyingine, akawa anafungua mtandao kwa dirisha la siri, lile lisilotunza kumbukumbu. Simu yenyewe hakuibadilisha.

“Jiite Biira tu,” nilimwambia. “Atatafuta akina Biira wangapi?”

Tulicheka. Kicheko kile kinanichoma hadi leo.

Baadaye aliona ukurasa uliotafuta washonaji wa kike. Alijibu kwa maneno mawili: Biira, Muhokya. Nani angedhani kwamba mwenye ukurasa alikuwa mumewe?

Mumewe alifika asubuhi nikianika muhogo, naye ana panga mkononi.

“Biira beko mingi, nyanya,” alisema akitabasamu. “Lakini simu ya vile iko moja tu.”

“Toka uani kwangu, mbwa wewe.”

Hakutoka; alimwinulia Biira panga. Biira alikinga uso kwa mkono wa kulia, na vidole vyake vikaanguka juu ya muhogo wangu mweupe... Nilishika mchi, nikampiga yule mtu begani mpaka mfupa ukalia. Vijana wa bodaboda walimalizia kwa mateke na mawe. Polisi walipomchukua, uso wake haukutambulika. Sikuwazuia vijana wale. Sasa yuko gerezani.

Afande mmoja alitueleza. Simu ikifungua ukurasa, hujieleza yenyewe: aina yake, upana wa kioo, lugha, ukubwa wa herufi. Yakijumlishwa, hayo huwa kama alama za vidole, na wala laini mpya wala dirisha la siri haviyafuti. Simu ya Biira ilikuwa imefungua ukurasa wa duka la mumewe mara nyingi walipokuwa Bwera. Basi alimtambua kwa herufi zilizokuzwa kwa sababu ya jicho alilolipasua yeye mwenyewe. Je, kuna ukatili unaozidi huo?

Ninyi mnaowakimbia watu wa namna hiyo, nawasihi: msiridhike kwa kubadili jina na laini. Iacheni simu anayoijua. Tafuteni kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao, kinachozifanya simu zote zifanane, kama sisi tunavyofanana majina. Na mwenye kazi msiyemjua, msimwambie mnakokaa.

Mkiona mwandiko huu umepinda, msimcheke mwandishi. Ni Biira... anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.