Mahari ya Laivu

"Baba, sogea kidogo, unamziba ng'ombe."

Hivyo ndivyo Sostenes alivyomwambia baba yangu mzazi, siku ya mahari yangu, kwenye uwanja wa nyumba yetu Didia. Hakuna shikamoo, hakuna samahani mzee. Baba akasogea. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, akanitazama na kutabasamu kwa ajili yangu, na mimi mjinga nikatabasamu pia.

Sostenes alikuwa afisa uhusiano wa kampuni moja ya dhahabu kule Geita. Kazi yake ilikuwa kuifanya kampuni ipendwe mtandaoni. Nilimpenda miaka miwili. Nilidhani mtu anayeongea vizuri kiasi kile lazima ana kitu moyoni. Hakuwa nacho.

Mwezi ule kulikuwa na trendi. Vijana walikuwa wanaposti ng'ombe wa mahari wakishushwa ukweni, muziki unapigwa, watu wanalia kwenye komenti. Mwezi huohuo klipu nyingine ilikuwa inasambaa. Ilimwonyesha Mama Eufrasia, mwenye nyumba wangu Geita, ninakopanga na kushonea nguo, akiingiza mkono wake hadi kiwiko kwenye ufa wa ukuta. Ufa ule ulianza pale kampuni ilipoanza kulipua mwamba nyuma ya mtaa wetu. Watu walikuwa wanauliza kampuni inasemaje. Kampuni ilikuwa kimya.

Nilimuuliza Sostenes akiwa anakula kwangu, ukuta uleule nyuma ya mgongo wake.

"Mtamjibu lini yule mama?"

"Hajibiwi mtu. Watu wa mtandaoni ni wasahaulifu, Melania. Ukibishana nao wanakumbuka. Ukiwapa kitu kitamu zaidi, keshokutwa wamesahau."

"Na ufa je?"

"Ongeza mchuzi, mpenzi."

Nikaongeza mchuzi. Wiki hiyohiyo akasema yuko tayari kuleta mahari nyumbani.

"Shona gauni la bluu na dhahabu," akaniambia. "Hizo rangi zinakupendeza."

Nilishona siku tatu. Kola niliifumua mara mbili ili ikae sawasawa.

Sasa yuko uwanjani kwetu, simu imesimama kwenye stendi ya chuma, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola ya shati. Nyuma yake Fuso imeshusha ng'ombe kumi na wawili. Ubavuni mwa Fuso kuna bango la kampuni. Nikalitazama lile bango, nikalitazama gauni langu. Bluu na dhahabu. Roho ikanishtuka kidogo, nikaituliza.

"Tupo laivu," Sostenes akasema, na sauti yake ikabadilika. "Karibuni sana, familia. Leo kampuni yetu inaungana na utamaduni wa majirani zake. Ng'ombe hawa ni kwa ajili ya malkia wangu, Melania."

Mama akaninong'oneza, "Kwani anayekuoa ni kampuni?"

"Ndivyo wanavyoongea, mama."

Sostenes akanipa simu yake ya pili. "Nisomee komenti nzuri tu. Mbaya ziruke."

Baba alikuwa anawazunguka ng'ombe taratibu, mikono nyuma. Kwetu mzee haulizwi anatazama nini akifika mbele ya ng'ombe. Anasoma. Akasimama mbele ya jike mmoja wa mabaka, akamshika sikio. Lilikuwa limechanjwa nchani mara mbili.

"Huyu namjua," baba akasema. "Hii ni alama ya Mwigulu wa Ibadakuli. Nilimsaidia kuzaa mimi mwenyewe, ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Umewanunua kwa Mwigulu?"

"Ndiyo, baba."

"Wote?"

"Wote, baba. Mapenzi hayapimwi."

"Ajabu. Mwigulu hajawahi kuuza jike."

Sostenes akaigeukia simu na kuwaambia watu wake jinsi wazee wa Didia walivyo wacheshi. Baba hakucheka. Alikwenda kwenye zizi akaondoa magogo ya mlangoni, moja baada ya jingine.

"Waingize."

"Baba, wabaki tu hapa nje. Mwanga ni mzuri."

"Mahari haibaki nje. Waingize, watu wanaangalia."

Sostenes amekulia mjini. Mahari aliijua kwenye simu. Hakujua kwamba kwetu, ng'ombe wakivuka mlango wa zizi la baba wa binti mbele ya majirani, maneno yamekwisha. Ni mali ya kaya hiyo. Lakini watu elfu thelathini walikuwa wanamtazama, na mtu wa aina yake huona aibu mbele ya simu tu. Akapunga mkono, ng'ombe wakaingia. Mama akapiga vigelegele, majirani wakapokea. Mimi nililia kwa furaha, na hilo sijalisamehe hadi leo.

Ndipo ile simu ya pili ikatetemeka mkononi mwangu. Ujumbe wa Nelly, msaidizi wake wa ofisini.

"Bosi, dereva wa Fuso anauliza ng'ombe wapakiwe saa ngapi. Mwenye nao anataka warudi Ibadakuli kabla ya magharibi. Halafu hongera, klipu ya ufa imeshuka kabisa, mahari ndiyo namba moja. Ripoti ya kampeni naiandika."

Nilisoma mara mbili. Nikamsogelea.

"Sostenes, Nelly anauliza wapakiwe saa ngapi."

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, meno yote yakiwa bado nje kwa ajili ya watazamaji. "Usianze, Melania. Tutaongea."

"Ni wa kuazima?"

"Ni wa kupigia picha. Mahari ya kweli itakuja. Kampeni ilikuwa imeshapitishwa, ningeiachaje?"

"Kwa hiyo mimi ni kampeni."

"Wewe ni sura ya kampeni. Unajua ni wasichana wangapi wangeitaka hiyo nafasi?"

Niliumia, nisidanganye. Lakini juu ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, kinyaa, kama niliyekunywa maziwa nikakuta nzi chini ya kikombe.

Baba naye alikuwa ameshapiga simu. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti kubwa siku zote.

"Mwadila, Mwigulu," akamsalimia kwa kilugha.

"Mwadila, Paschal. Habari za huko?"

"Njema. Ng'ombe wako wamo zizini kwangu. Kijana anasema umemuuzia."

"Nimuuzie nani? Nimemwazima wa picha. Aliniambia ni tangazo la maziwa."

Kiganja cha Sostenes kilikuwa kimeshatoka kwenye kola. Kipaza sauti kilinasa kila neno. Komenti zikaanza kumwagika: "Maziwa?" "Mahari ya maziwa." "Sostenes, tuwekee lita mbili."

"Familia," akasema, jasho likimtoka, "hii ni sehemu ya igizo letu la—"

"Igizo la nani?" baba akamkatiza. "Mke wangu amepiga vigelegele. Navyo ni igizo?"

Sostenes akanyoosha mkono kukata matangazo. Nikasimama mbele ya simu.

"Mimi ni Melania, fundi cherehani. Gauni hili lina rangi za kampuni, nimelishona nikidhani nimependwa. Mmeletwa hapa ili msahau ukuta wa Mama Eufrasia. Rudini mkautazame."

Nikaizima.

"Kwa mila ningewashikilia hawa ng'ombe," baba alimwambia. "Lakini Mwigulu hana kosa. Wapakie. Na wewe panda nao, mwenyewe anawasubiri."

"Mzee, mimi nina gari la kampuni."

Hakuwa nalo. Dereva wa gari hilo alipigiwa simu kutoka Geita akaambiwa aondoke upesi, na aliondoka bila kuaga mtu. Sostenes akapanda Fuso na viatu vyake vya kung'aa, akasimama katikati ya ng'ombe, ameshika pembe ya yule jike wa mabaka asianguke. Jirani mmoja alimrekodi. Kesho yake hiyo ndiyo ikawa trendi. Kampuni ikatoa taarifa kwamba mtumishi huyo alitenda kwa matakwa yake binafsi.

Siku ya tatu akaniandikia.

"Melania, nimesimamishwa kazi. Tufanye video ya msamaha. Mimi napiga magoti, wewe unalia. Itapanda sana, niamini."

Nikamjibu, "Mtu wa kulia naye kaazime."

Niliporudi Geita nililifumua lile gauni. Mama Eufrasia alinikuta na vipande mezani, akashika kile kikubwa cha bluu.

"Nipe hiki, mwanangu. Kuna waandishi wanakuja kesho, nitundike pazia pale kwenye ufa. Naona aibu wageni wakiuona."

"Usitundike kitu, mama," nikamwambia. "Uache wauone."