Diana Alipoacha Kunipa Shikamoo

"Wewe si dada yangu tena. Wewe ni mtu wa dunia. Usirudi."

Diana alisema hayo dirishani, mlango kaufunga kwa ndani. Mdogo wangu niliyemlea tangu mama afariki... kanifungia nje ya nyumba yetu, hapa Maji ya Chai.

Ndugu msomaji, dalili ya kwanza ilikuwa shikamoo. Aliacha kunipa mimi, akaacha kumpa hata bibi. Rodrick, anayejiita nabii, aliwafundisha yeye na wenzake wa chuo kuwa salamu hiyo ni kumsujudia binadamu. Kisha akawaambia waache chuo, wachome vitambulisho, wahamie kambini porini kusubiri mwisho wa dunia.

Sikugombana. Nilienda ofisi ya kata, kwa afisa ustawi wa jamii, mama Skolastika.

"Nabii wake usimtukane," akaniambia. "Ukimtukana, unamsukumia mdogo wako kwake. Mwachie chakula mlangoni. Wakija kumchukua, nipigie."

Jumamosi gari lao, Noah, likasimama getini. Nikapiga simu, nikasimama mlangoni.

Rodrick akashuka, suti nyeupe.

"Pisha, dada. Huyu ni wa Bwana."

"Ana kwao. Ni hapa."

"Unashindana na Mungu?"

"Nashindana na wewe, kaka. Mungu sijamwona kwenye hiyo Noah."

Jirani yetu Gadiel, aliyenihifadhi siku hizo, akacheka kwa sauti. Rodrick akanisukuma. Sikutoka.

Mama Skolastika akafika na polisi wawili. Hapo Diana akatokea na begi mkononi. Nikajua nimempoteza...

Akampita nabii. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzio wako wangapi garini?"

Uso wa Rodrick ukabadilika. Wangu pia.

"Mnajuana?" nikauliza.

"Alikuja ofisini kabla yako," akajibu mama Skolastika. "Siri yake sikuwa na haki ya kukupa, kama nilivyomficha yako."

Diana akanishika mkono. "Siku ile nilipokufungia, mtu wao alikuwa sebuleni. Ningejitoa mapema, wangeondoka na wenzangu watatu kabla polisi hawajawakuta. Shikamoo, dada."

Nilimkumbatia. Nililia tu.

Wasichana wote wamerudi kwao. Rodrick yuko mikononi mwa polisi.

Ukiona mtu wako anabadilika hivi, usimcheke, usimfukuze. Nenda ofisi ya kata, ulizia ustawi wa jamii. Huenda naye anatafuta mlango huohuo.

Na nyie manabii wa Noah mnaosoma hapa: njooni tena. Mtatukuta mlangoni, wawili.