Siku Waliyojinyoosha Mbele ya Mpimaji

Tukuswiga alifungasha unga katika kiwanda kimoja cha Chapwa, Tunduma. Kutwa aliinama kwenye meza fupi, akajaza mfuko, akaunyanyua kupita bega na kuuweka rafuni. Mifuko mia nne kwa siku, jamani! Raha yake ilikuwa Jumamosi, akimsuka binti yake Irene nywele za kwendea kanisani.

Lakini bega la kulia lilimuuma, na vidole vikaanza kufa ganzi.

"Ni mwili unazoea kazi," alimwambia mumewe, Amoni.

Kuzoea gani huko, miaka mitatu?

Siku moja alikuja Loisi, mpimaji wa afya kazini, na karatasi yenye mchoro wa mtu. Wafanyakazi wakanong'onezana kwamba anatafuta wagonjwa wapunguzwe kazi. Basi wote wakajinyoosha kama wanaopigwa picha. Mifuko wakaibeba taratibu, kwa mikono miwili.

"Mama, unaumwa wapi?" Loisi aliuliza.

"Siumwi popote, dada."

Loisi aliandika kwamba hatari ni ndogo, akaondoka. Wakacheka. Masikini, walijidanganya wenyewe.

Baada ya miezi miwili, mfuko ulimponyoka Tukuswiga. Mkono ukagoma kupanda. Hospitalini akaambiwa kano za bega zimechanika.

Loisi aliporudi, Tukuswiga alikuwa amesimama mlangoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Dada, tulikudanganya," alisema. Akawageukia wenzake. "Fanyeni kama kila siku, aone!"

Wakafanya. Loisi akatoa karatasi yake yenye mchoro, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Shingo imeinama, naandika alama. Mkono umepita bega, alama. Mnarudia bila kupumzika, alama tena. Alama zikiwa nyingi, kinachobadilishwa ni kazi, hafukuzwi mtu. Na maumivu yasiyoisha, semeni mapema!"

Meza ikainuliwa hadi usawa wa kiwiko. Rafu ikashushwa. Kila saa wakapumzika kidogo na kubadilishana kazi. Mwaka ule hakuna bega jingine lililoharibika.

Tukuswiga sasa hukagua mizani, kwa mkono wa kushoto. Jumamosi Irene bado humletea kitana, kwa mazoea.

"Nenda kwa jirani akusuke, mwanangu," humwambia, kisha hugeuza uso. Mkono wake wa kulia haufiki kwenye kichwa cha mtoto.